Mitende Thelathini ya Ukuta wa Kusini

Homs, 9 Novemba 2015

Kwa Baba Khalaf, Tadmur.

Assalaam alaykum. Natumaini goti lako halijakulaza na kifua kimetulia. Mimi na Sumaya ni wazima. Tunakaa, mama na binti, vyumba viwili nyuma ya soko la mboga, na chini yake nimefungua kazi ya kusindika bilinganya kwenye mafuta. Nilianza peke yangu na sufuria ya kuazima. Sasa tuko wanawake watano, na mitungi mia tatu imejipanga kwenye rafu. Nakuambia hivi ujue kwamba sikuandikii kuomba kitu.

Tangu tuache kusemezana ni miaka sita na miezi saba. Wewe huenda huhesabu. Mimi nahesabu, maana mwaka ule uliponifungia geti wakati wa kupandisha, mitende yangu yote arobaini na miwili haikupata chavua ya mitende dume, ikazaa makapi yasiyo na kokwa ambayo hata mbuzi walitema. Uliniambia nini pale getini? "Chavua ya madume ya baba si ya mtu anayelitembeza jina la baba barabarani." Kosa langu lilikuwa kibao nilichopigilia njiani: Tende za Wadha binti Khalaf. Ningeandika binti wa nani, wa jirani?

Siyaachi hayo. Nayaweka pembeni tu, kwa kuwa Dhiyab, yule mwenye lori la kondoo, amenithibitishia kwamba bado anapita. Huzunguka jangwani siku tisa, akipita vizuizi vya wale wenye bendera nyeusi na vya jeshi, na kila kizuizi anaacha kondoo mmoja. Barua hii ataishona ndani ya gunia la chumvi ya mifugo. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Nina maswali mawili. La kwanza: mitende yangu imebaki mingapi? La pili: wewe unangoja nini huko? Mke wako Hasna, Mungu amrehemu, yuko kaburini. Mwanao Khalaf, mwenye jina la baba, yuko Ujerumani. Nyumba nzima ni wewe na birika. Juzi nilikaa mlangoni tangu asubuhi hadi adhuhuri nikikata vikonyo vya bilinganya, nikahesabu malori ya jeshi sitini na manne yakielekea mashariki, na vifaru kumi na kimoja juu ya matrela. Mwezi uliopita, siku kama hiyo, yalikuwa ishirini. Hakuna anayepeleka kifaru jangwani kikaote jua. Wanairudia Tadmur, na siku hiyo bomu halitauliza nani alibaki kwa imani na nani alibaki kwa tende.

Toka.

Mtoto wa baba yako,
Wadha


Tadmur, 2 Desemba 2015

Mdogo wangu Wadha,

Wa alaykum salaam. Umeniita Baba Khalaf kama karani wa wilaya anayenitafuta kwa kodi. Sawa. Nami nimefurahi, hata nikalisoma lile gunia pia kuona kama kuna kingine.

Goti ni lile lile. Kifua kina nafuu kwa sababu sigara nimeacha, si kwa toba, bali kwa viboko arobaini alivyopigwa Mutlaq fundi pampu mbele ya macho yangu. Hawa mabwana wametupangia urefu wa suruali na urefu wa ndevu. Zangu unazijua, huota upande mmoja, kwa hiyo kila kizuizini naulizwa kwa nini nimenyoa upande wa pili. Nimeshawaambia muulizeni aliyeniumba. Siku hiyo walicheka. Siku nyingine huwa hawacheki.

Umesikia walivyolipua hekalu kubwa. Vumbi lake lilitua juu ya tende zangu zikiwa zimekaribia kuvunwa, nikaziosha kole kwa kole, kila shada peke yake. Nasikia dunia nzima ililia kwa ajili ya mawe yale. Nami niliyalilia, tuliyachezea utotoni. Lakini wangeweka chozi moja la akiba kwa ajili ya Mutlaq.

Jibu la swali lako la kwanza: imebaki thelathini na tisa. Miwili waliikata kuzibia barabara, na mmoja uliungua ndege ilipopiga ghala. Nainywesha siku ya Alhamisi kwenye zamu yangu ya maji. Nina saa sita: saa mbili zinaenda kwako, saa nne zinabaki kwangu. Mbolea hakuna. Makuti makavu nimeyakata.

Jibu la swali la pili: nije Homs nikafanye nini? Nikate vikonyo?

Msalimie Sumaya. Mwambie mkomamanga wake ulizaa saba.

Kaka yako,
Turki


Homs, 10 Januari 2016

Kwa Baba Khalaf,

Amani iwe kwako. Sisi wazima, ila Sumaya ana mafua na Homs ina baridi ya kuvunja mtungi, imeshavunja tisa.

Barua yako nimeisoma na nimeipigia hesabu. Umesema saa mbili kwangu na saa nne kwako. Saa mbili kwa mitende thelathini na tisa ni dakika tatu kila mmoja, na chenji kidogo. Saa nne kwa mitende yako mia moja na ishirini na sita haifiki dakika mbili. Kwa hiyo mtende wangu unakunywa kuliko wako. Ama umesahau kugawa, ama kuna neno unataka kuniambia kwa kupitia mfereji. Kama lipo neno, kaka, una kalamu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kugawa, acha niseme na langu. Baba alikufa akaacha mitende mia moja na ishirini na sita na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Kwa sheria ya Mungu, theluthi ni yangu: arobaini na miwili. Kwa desturi ya Tadmur, dada huletewa karatasi kwamba amemsamehe kaka yake fungu lake, naye huvishwa zawadi. Uliniletea karatasi siku ya arobaini ya matanga, wakati hata macho yangu hayajakauka, na ami zetu watatu wamekaa sebuleni wakikohoa. Nikatia sahihi. Zawadi ilikuwa mahameli mita nne. Niliipima: ilipungua sentimita kumi.

Ulidhani nilipanda arobaini na miwili kwa bahati? Nilikuja nyuma ya ukuta wako, nikaokota machipukizi uliyokuwa ukiyatupa, nikayabeba kwa punda hadi kwenye ardhi ya chumvi ambayo hakuna mtu aliyeitaka, na nilipofika la arobaini na mbili nikaacha, ingawa shimo la arobaini na tatu lilikuwa limeshachimbwa. Nilijitengenezea theluthi yangu kwa mkono.

Sasa lililo la haraka. Wanajeshi wanaokuja hapa kununua bilinganya wanasema wako kilomita ishirini na mbili magharibi ya mji, na kwa miezi miwili wamesogea kilomita saba. Kwa mwendo huo wangechukua miezi sita na zaidi. Lakini walikuwa na kikosi kimoja. Sasa wanapita mara tatu ya wale, na ndege juu. Gawa kwa tatu: siku sitini na tatu. Inaangukia katikati ya Machi.

Dhiyab atapakia kondoo huko tarehe 14 Februari, kisha tarehe 14 Machi. Amekubali kukutengenezea nafasi nyuma ya marobota ya sufu. Panda lori la Februari. La Machi liko karibu mno na moto. Chumba kimoja hapa kina dirisha, nimekuwekea godoro hapo kwa sababu ya kifua chako. Usinifanye nilitazame tupu.

Mtoto wa baba yako,
Wadha


Tadmur, 14 Februari 2016

Wadha,

Dhiyab anangoja nje, injini inanguruma, anatukana kwa sauti ya chini. Kwa hiyo salamu zimefika, zidishe mwenyewe.

Sipandi leo. Usirushe mtungi. Mutlaq amekamatwa na kuuawa, na mimi tu ndiye nijuaye kuiwasha pampu yake. Nikiondoka leo, bustani kumi na moja zinakauka kabla ya karara la kwanza kupasuka na kutoa maua. Nimeanza kumfundisha mjane wake. Ana akili, ataiweza kwa wiki tatu. La Machi nitapanda. Naapa kwa kaburi la mama.

Moto nauona. Mabwana wanachimba mashimo ya kuingilia chini ya kuta za bustani, wametega mabomu barabara ya nguzo za kale na njia ya ngome. Bustani yangu wameiacha kwa kuwa wanakula tende zangu. Usiku na mchana tunasikia mizinga upande wa machweo. Mjane wa Mutlaq anahesabu kwa vidole mwanga hadi mlio, kama wewe. Nimemwambia nina dada angekuajiri.

Ndani ya kitambaa hiki kuna chavua ya dume la baba, lile la kisimani. Ni ya mwaka jana. Niliikausha kivulini siku tatu juu ya karatasi, nikaichekecha kwa hariri ya marehemu Hasna. Ikae mbali na mvuke wa masufuria yako. Ukiichanganya na unga wa ngano uliokaushwa, inatosha mitende hamsini. Ni ya akiba tu, kama lolote litatokea. Mimi mwenyewe nitakuwa pale kwenye godoro lako la dirishani nikilalamika.

Kuhusu dakika tatu na dakika mbili: ardhi yako ina chumvi, inataka maji zaidi. Usizipe dakika ndimi.

Kuhusu theluthi sina nafasi leo. Dhiyab anapiga honi.

Kaka yako,
Turki


Homs, 23 Machi 2016

Turki,

Sina salamu.

Dhiyab amefika leo asubuhi. Nilisikia lori, nikavua aproni, nikashuka na shuka safi mkononi. Akateremka peke yake.

"Yuko wapi?"

"Mama Sumaya, kaa kwanza."

"Nitakaa nikijibiwa. Yuko wapi?"

"Alikuja zizini. Wallahi alikuja, na mapema. Akaweka mkoba wake nyuma ya sufu. Halafu akaniambia, 'Dakika chache, nikaangalie kule kwa Wadha.' Nikasubiri hadi saa nne. Hakurudi. Nikapiga honi mara tatu."

"Tatu tu?"

"Mama, mizinga inapiga kilomita nne! Nina kondoo themanini na watoto sita!"

Sikumpiga. Ningetaka niandikiwe hilo mahali.

Mkoba wako uko mbele yangu. Nimeufungua, atanizuia nani? Mashati mawili. Dawa ya kifua ya siku ishirini, maana yake sasa uko bila dawa. Picha ya Hasna. Na kibao changu, kimefungwa ndani ya shati la Idi. Tende za Wadha binti Khalaf, rangi yake ile ile, misumari imenyooshwa na kuwekwa kwenye kikopo.

Miaka sita nimeulaumu upepo kwamba ndio uliking'oa.

Dhiyab anasema hapiti tena hadi vita viishe. Redio inasema jeshi limefika kwenye mabonde chini ya ngome. Barua hii haina wa kuichukua. Nimeiandika kwa sababu nimekosa wa kumfokea.

Wadha


Homs, 12 Aprili 2016

Kwa Turki bin Khalaf, popote alipo.

Assalaam alaykum, na kama una njaa Mungu akushibishe, na kama una homa akuponye. Sisi wazima. Naandika nakala nne za barua hii. Moja inakwenda na mfanyabiashara wa matairi upande wa Raqqa, moja na mama mmoja anayepita Dayr al-Zor, ya tatu na mwenye ngamia anayefika kambi za mpaka wa Jordan, na ya nne naibakiza kwa Dhiyab. Wanasema kabla ya kukimbia, wale mabwana walitangaza kwa vipaza sauti vya msikitini watu wote watoke. Kila niliyemuuliza alitokea upande tofauti.

Mji umerudi mikononi mwa jeshi tarehe 27 Machi, nami hesabu yangu ilikosea siku kumi na nne. Jana walitupeleka kwa mabasi kutazama nyumba zetu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Basi letu lilikuwa na watu arobaini na saba. Askari akatuambia, "Msitoke kwenye lami, mabomu hayajaondolewa yote." Kila mtu akaelekea kwake. Mimi nikaelekea bustanini. Akanifuata mbio:

"Wewe mama, huko hakujasafishwa!"

"Kuna samadi ya kondoo njia nzima, mwanangu, na mbichi. Kondoo wamepita, hawakulipuka. Nami si mzito kuliko kondoo themanini."

Akaniacha, ila alinitazama mgongo mpaka nilipopinda.

Nyumba yako ina kuta tatu. Paa la jikoni limelala juu ya jiko. Kisima kipo. Katika madume manne ya baba limebaki moja, lile la kisimani, limechunika upande mmoja. Katika mitende yako nimehesabu mia moja na tano iliyosimama. Hakuna hata mmoja uliopewa chavua na kufungwa. Makarara yamepasuka yenyewe yakakauka hewani, chavua haikuguswa. Mwaka huu utakula makapi, na sasa unajua ladha yake.

Kisha nikaenda kwangu. Iko thelathini na minane. Nilitazama juu ya mtende wa kwanza, nikakaa chini kwenye chumvi na nguo zangu safi.

Umefungwa. Ua limepewa chavua na kole limezungushiwa ukuti mara mbili, ncha imeingizwa chini kwa mkono wa kushoto. Tadmur nzima hakuna anayefunga kwa kushoto ila wewe; baba alikuchapa akachoka. Nikaenda wa pili, wa tatu. Kumi na saba, Turki. Vitende vimeshashika, ukubwa wa pilipili manga, vya kijani. Kwenye wa kumi na saba mshipi wako wa kupandia umening'inia juu, na hakuna mtu ndani yake.

Kwa goti lako hufikishi zaidi ya sita kwa siku. Kumi na saba ni siku tatu. Tarehe 14, 15, 16. Kwa hiyo lori lilipopiga honi ulikuwa hai, na siku mbili baadaye ulikuwa hai. Zaidi ya hapo sina tarakimu. Nilitafuta chini ya mitende yote, na kwenye mfereji, na ndani ya handaki. Hakuna damu, hakuna kiatu. Nilitafuta vizuri.

Nikafunga mshipi wako kiunoni. Nina miaka hamsini na mitano na sijapanda mtende tangu Sumaya azaliwe. Makarara ya mwanzo kwenye ishirini na mmoja iliyobaki yalikuwa yamepitwa, niliwahi yaliyochelewa. Nilitumia chavua yako ya kitambaani. Kumi na mmoja ilikubali kabla basi halijapiga honi. Kumi imebaki, nimeiacha ikinitazama.

Sasa sikia. Usije ukanidai shukrani kwamba ulianza na yangu. Ardhi yangu iko chini, ina joto, hupasua karara siku kumi kabla ya yako. Mkulima yeyote huanza na lililopasuka. Umefanya kazi ya mkulima, hujafanya kazi ya kaka. Kama nimekosea, njoo unisahihishe. Godoro lipo.

Mtoto wa baba yako na mama yako,
Wadha


Kambi ya mpakani, 11 Juni 2016

Wadha, mdogo wangu,

Wa alaykum salaam, mara nne, maana umeandika nakala nne. Iliyonifikia ni ya mwenye ngamia. Ilikuwa imekunjwa ndani ya kilemba chake na inanuka ngamia, nikaibusu hivyo hivyo.

Niko hai. Kifua kinapiga filimbi. Kambi hii ni mahema juu ya changarawe, mpakani mwa nchi mbili zisizotutaka. Maji ni lita tano kwa kichwa, yakija. Hakuna mti hata mmoja, nimeuliza. Mjane wa Mutlaq yuko hapa pia na watoto, amefungua pampu ya watu wa msaada akaitengeneza kabla hawajamwomba.

Nikueleze siku ile. Nilikuwa nimeshaweka mkoba. Nikasema nipite kwako nitazame mara ya mwisho, nipate habari za kukuletea. Nikakuta makarara yamepasuka. Baridi ilikuwa imekatika mapema. Unajua maneno ya baba: karara likifunguka lina siku tatu, baada ya hapo unafunga majani. Nikasema nifanye mmoja tu. Dume la kisimani lilikuwa limetoa, nikakata vishada, nikavaa mshipi. Nilikuwa juu ya wa pili Dhiyab alipopiga honi. Goti hili linataka dakika tano kushuka, na honi zake tatu zilikwisha ndani ya dakika moja.

Lakini nisikudanganye. Ningeweza kupiga kelele. Yule jamaa angenisikia. Sikupiga. Niliikumbuka ile asubuhi ya getini, wewe na ndoo yako tupu, na jinsi ulivyogeuka bila kusema neno. Wewe, bila kusema neno! Nikaona mwaka mwingine wa makapi siwezi kuwa sababu yake.

Siku ya kwanza na ya pili mizinga ilipita juu. Siku ya tatu ilianza kuanguka bustanini. Nilikuwa kwenye wa kumi na saba risasi zilipoanza kukata makuti. Nikajichomoa kwenye mshipi, nikashuka nimekumbatia gogo kama tumbili, ngozi ya kifua bado haijapona. Tukakaa kisimani kwangu, mimi na mjane na watoto watatu, siku saba. Juu yetu walikuwa wakipigana ukuta kwa ukuta. Hawa wanaingia bustani ya Abu Nimr asubuhi, wale wanaichukua jioni. Ngome ilivyokuwa ikipigwa, mawe yalikuwa yakibingirika hadi barabarani. Kisha vipaza sauti vikasema tokeni. Mashariki walikuwa wanakwenda wao, magharibi kulikuwa na mabomu waliyoyatega. Tukaenda kusini kwa miguu. Siku sita.

Sasa nakusahihisha, maana umeniita.

Ni kweli ardhi yako huwahi siku kumi. Lakini kuna mstari wangu wa ukuta wa kusini, ule udongo unaoshika jua tangu asubuhi. Umeusahau kwa sababu miaka mingi hujaingia getini kwangu, na hilo ni kosa langu. Ule hupasua pamoja na yako, siku hiyo hiyo. Tarehe 14 mitende thelathini ya ukuta wa kusini ilikuwa wazi. Nilipita chini yake nikiwa nimebeba vishada mkononi. Ndiyo mizuri kuliko yote, unaijua, baba alikuwa akiwapa wageni tende zake. Ningeanza hapo ningemaliza kumi na saba karibu na mlango wangu na karibu na kisima, bila kuvuka uwanja wa chumvi ulio wazi kwa kila mwenye bunduki.

Niliipita.

Na uliniandikia kuhusu theluthi. Sikujibu kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Mahameli pia nilijua yamepungua. Muuzaji aliniambia.

Niwekee hilo godoro.

Kaka yako,
Turki


Homs, 31 Machi 2017

Kaka Turki,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Kifua kinasemaje? Goti linasemaje? Mjane wa Mutlaq na watoto wake wanasemaje? Mimi na Sumaya ni wazima. Tuko wanawake tisa sasa na rafu zimefika dari.

Barua yako ya mwezi wa sita imenifikia tarehe 12 Januari. Miezi saba. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nikiwa nimekaa. Sikuandika jibu, kwa sababu Tadmur ilikuwa imeshachukuliwa tena na wale wale, mwezi mmoja kabla. Ningekuambia nini? Mji ambao jeshi liliuchukua kwa majuma matatu na vifaru vyote vile nilivyovihesabu, liliupoteza kwa siku nne. Nikarudi kwenye mitungi. Mwezi huu wa tatu, tarehe 2, jeshi limeurudia mara ya pili. Safari hii sikupiga hesabu yoyote. Nilizima redio.

Mavuno ya mwaka jana, kabla hawajarudi wale, nakuletea hesabu yake kama ilivyo. Oktoba walitupa ruhusa ya siku mbili. Nilienda na Sumaya na wanawake wangu wanne. Ile kumi na saba yako ilitoa kilo mia tatu na themanini na tano. Ile kumi na mmoja yangu ilitoa kilo tisini na mbili. Wewe unajua kufunga, mimi sijui, nimekubali. Kilo kumi na tano bora ziko kwenye mtungi dirishani, juu ya godoro. Sumaya anaziiba, nami ninajifanya sioni, lakini ninaziona: amekula mbili na nusu.

Nimeuliza kuhusu kambi yako. Wanasema mpaka umefungwa tangu siku chache baada ya wewe kuandika, na wenye ngamia hawapiti kama zamani. Khalaf anapiga simu kutoka Ujerumani kila Ijumaa kuuliza, nami kila Ijumaa namwambia kosa ni la barabara.

Mstari wa ukuta wa kusini nilikuwa nimeusahau, ni kweli. Nilikaa siku nzima nikiuchora kwenye karatasi, mtende mmoja mmoja, kuanzia pembe ya zizi hadi kisimani, na nikaipata yote thelathini. Wa saba ndio ule nilioanguka kutoka juu yake nikiwa na miaka tisa, wewe ukanibeba hadi nyumbani ukamwambia baba nimeteleza kwenye mfereji, usichapwe wewe wala mimi.

Basi la kwanza linaondoka Jumatatu. Nimeandikisha jina langu. Ni namba tatu. Mshipi wako nimeupaka mafuta. Chavua ya kitambaani imebaki kijiko kimoja na nusu, na kama dume la kisimani halijaguswa, nitakata mbichi. Kibao nakibeba na misumari yake, lakini kitakaa mkobani mpaka uwepo unishikie ngazi. Wanasema tutapewa tena saa sita tu. Saa sita kwangu ni mitende kumi na mmoja, labda kumi na mitatu sasa nikiwa nimezoea. Ya kwangu itakuwa imepasuka pia, siku hiyo hiyo, najua. Itangoja.

Naanza na ukuta wa kusini.

Nimeandika nakala nne. Usipojibu, nitailaumu barabara.

Dada yako,
Wadha